Usiitupe hiyo zVAD, mkuu: haijaharibika

Mkuu, simama hapo hapo! Unasema seli zako za L929 (za panya, za kukuzwa maabara) ulizipa TNF, protini ya kinga inayoweza kuua seli, ukaongeza zVAD, dawa ya kuzuia kaspasi, vile vimeng'enya vya kuua seli, zikafa haraka kuliko zilizopewa TNF peke yake, na sasa unataka kuagiza chupa nyingine. Ya nini? Hiyo zVAD imefanya kazi yake barabara.

Nimepita huko huko. Aliyenielekeza maabara alikuwa na kauli moja kila kikao: ukizuia kaspasi, umezuia kifo. Uzoefu wake wote ulikuwa wa HeLa, seli za binadamu ambazo kwa kawaida hazina RIPK3, kimeng'enya kinachohitajika kwa kifo cha aina hii! Tukamwaga dawa yote, tukaagiza nyingine kwa bei ya kuumiza, ikakwama forodhani, na ilipofika seli zikafa vilevile. Muhula ukaishia hapo. Mpaka leo inanikera, maana jambo hili kwa L929 lilichapishwa tangu 1998, na kazi ya msimamizi ni kulijua.

Sikiliza. TNF ikishika kipokezi chake, TNFR1, kwanza protini hukusanyika chini ya utando: TRADD, RIPK1, TRAF2 na nyinginezo. Kundi hilo huamsha NF-κB, protini inayowasha jeni za kuiokoa seli, na seli inaendelea kuishi. Baadaye RIPK1 huachana na kipokezi, ikaungana na FADD na kaspasi-8. Hapo kaspasi-8 ina kazi mbili: kuanzisha apoptosisi (kile kifo cha mpangilio kinachoendeshwa na kaspasi), na kuzikata RIPK1 na RIPK3 zisipate kushikamana. Ukiizima, hizo mbili zinang'ang'aniana mpaka zinakuwa nyuzi, RIPK3 inaitia fosfeti protini nyingine, MLKL, na MLKL inakwenda kuutoboa utando. Hiyo ndiyo nekroptosisi, kifo kisichohitaji kaspasi. Panya wasio na kaspasi-8 hufia tumboni mwa mama. Mwaka 2011 ilionekana kwamba ukiwaondolea na RIPK3, wanazaliwa hai.

Tazama kwenye hadubini kabla hujatoa hela. Seli ya apoptosisi hunywea, ikatoa vinundu na kumeguka vipande. Zako zitavimba kama andazi kwenye mafuta, kisha zipasuke. Na anneksini V, kipimo cha kung'aa cha kutambua apoptosisi, isikudanganye: utando ukishatoboka inaingia ndani na kung'aa vilevile.

Kwa hiyo, kila unapoweka zVAD, weka pembeni kisima (kishimo kimoja cha sahani ya seli) chenye TNF, zVAD na nekrostatini-1s, dawa ya kuzuia RIPK1. Kila mara, hata kama umechoka, hata kama msimamizi anasema ni kupoteza dawa. Seli zikipona humo, RIPK1 ndiyo iliyokuwa ikiziua. Halafu pima MLKL yenye fosfeti. Bila kisima hicho grafu yako haisomeki, na yeyote anayekwambia inasomeka anakuchelewesha kumaliza masomo.

Uliuliza pia kuhusu kingamwili ya kuvutia FADD. Hiyo ingoje: panda sahani kwanza, weka kisima hicho, uniletee picha.