Kiti cha poka kwa mtaji mdogo

Ami, umeuliza mtu wa Chake Chake, Pemba, anayecheza poka (mchezo wa karata wa pesa) ya dola mbili tatu mtandaoni ataingiaje mashindano ya mezani. Njia ni mchujo, yaani mashindano madogo ambayo zawadi yake ni kiti, nafasi ya kucheza mashindano makubwa: watu 100 wakitoa dola 10 kila mmoja, ushapatikana mtaji wa kiti kimoja cha dola 1,000, ukiacha ada ya waandaaji. Chris Moneymaker, mchezaji wa Marekani, alipita humo mwaka 2003. Alilipa dola 86, akapata kiti cha dola 10,000 Las Vegas, akashinda milioni 2.5. Lakini yule ni mmoja. Kinachomaliza watu wetu ni safari: boti, ndege, viza, malazi. Tafuta mchujo unaolipia na hivyo, kiti kitupu achana nacho. (Mie sichezi, dini hainiruhusu, nakupigia hesabu tu.)