Shangazi, bei zinashuka: niuze dhahabu yangu?

*Shikamoo Shangazi. Miaka miwili iliyopita nilichukua mkopo nikanunua sarafu kumi na mbili za dhahabu, ambazo nimezifunga ndani ya soksi kabatini. Sasa bei za bidhaa zinaporomoka, biashara yangu imedorora na marejesho ya kila mwezi yananielemea. Mume wangu anataka tuziuze zote. Mimi naona ndizo kimbilio letu la mwisho. Tumefikia hatua ya kununiana. Nani ana haki?*
*Mwenye Soksi*

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na neno lililonishtua si dhahabu bali ni mkopo.

Bei zinaposhuka kwa jumla, kila noti hununua vitu vingi kuliko jana, jambo ambalo ni neema kwa mwenye akiba na balaa kwa mwenye deni, kwa kuwa kiasi unachodaiwa kimeandikwa kwenye mkataba na hakishuki pamoja na bei ya unachouza. Mauzo yamepungua, rejesho ni lile lile. Dhahabu yako nayo hailipi riba hata senti moja, ilhali deni lililoinunua linatoza riba usiku na mchana.

Najua umesikia kwamba dhahabu iliwaokoa watu katika mdororo mkuu wa miaka ya 1930. Ni kweli kwa sehemu, lakini kwa sababu ambayo leo haipo. Wakati ule, nchini Marekani, wakia moja (kama gramu 31 za dhahabu) ilikuwa imefungwa kisheria kwenye dola 20.67, yaani dhahabu ilikuwa fedha yenyewe, na bei za vitu zilipoanguka uwezo wake wa kununua ulipanda. Kisha Aprili 1933 Rais Roosevelt akaamuru wananchi waisalimishe dhahabu yao, ukiacha kiasi kidogo na mapambo, wakalipwa kwa bei hiyo hiyo. Januari 1934 serikali ikaipandisha hadi dola 35. Waliotii amri faida hiyo waliisikia tu. Huniudhi hadi leo, ingawa sikuwepo.

Siku hizi bei haina anayeishikilia. Machi 2008 wakia ilivuka dola 1,000, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa imeshuka hadi karibu dola 700, kwa kuwa waliobanwa na madeni waliuza chochote kilichouzika ili wapate fedha taslimu. Mwaka 2011 ilipita dola 1,800. Aliyeuza kwa 700 hakuwa mjinga kuliko aliyengoja. Alikuwa tu na mtu anayemdai, kama wewe.

Kwa hiyo uza sarafu zinazotosha kumaliza deni, si zote. Kabla ya hapo, muulize mkopeshaji kama kuna faini ya kulipa kabla ya muda, kisha nenda kwa wanunuzi wasiopungua watatu, kila mmoja azipime mbele ya macho yako na akutajie karati, yaani kipimo cha usafi wa dhahabu, na bei yake ya kununua, ambayo daima iko chini ya ile anayouzia. Ikibaki nafasi, uza moja zaidi uweke taslimu ya matumizi ya miezi kadhaa, maana katika kipindi kama hiki fedha mkononi nayo ni akiba. Zitakazosalia zishike bila wasiwasi, kwani dhahabu isiyo na deni nyuma yake haikulazimishi kuuza siku ambayo bei ni mbaya. Ila zitoe kwenye soksi, tafuta sefu.

Mumeo ana haki kuhusu mkopo, lakini amekosea kusema zote. Leo usiku zimwageni sarafu hizo mezani, mkataba wa mkopo ukiwa kando, mhesabu pamoja ni ngapi zinazofuta deni, na yeye ndiye ashike kalamu.