Kabla ya Kuwapiga Picha Wazee Wako, Mtazame Seydou Keïta

Mtu akiniomba ushauri kuhusu kupiga picha za jamaa zake, mimi humwambia kwanza atulie na kuzitazama kazi za mpiga picha Seydou Keïta wa Bamako, nchini Mali, kabla hajafikiria kununua kamera ya bei kubwa. Keïta alianza maisha akiwa seremala, akapata kamera yake ya kwanza mwaka 1935, na mwaka 1948 akafungua studio nyumbani kwake mtaani Bamako-Coura, ambako watumishi wa serikali, wafanyabiashara na familia nzima walikwenda wakiwa wamevaa nguo zao nzuri kuliko zote.

Alichokielewa mapema ni kwamba mwenye sura ndiye mwenye haki ya kuamua aonekane vipi. Ukutani alitundika picha za mfano ili mteja achague pozi, kisha akamwongoza taratibu: kichwa kiinamishwe kidogo, gauni litandazwe, vidole na vito vionekane, kwa kuwa wanawake wa Bamako walivithamini. Asiyekuwa na suti, saa au kalamu aliazimwa, na redio na skuta pia zilikuwapo. Wapo wanaoona kwamba huko kuazima kunaipunguzia picha ukweli wake, nami siafikiani nao hata kidogo, kwani matumaini ya mtu ni sehemu ya maisha yake ya kila siku, na Mali iliyokuwa ikielekea kwenye uhuru wa mwaka 1960 ilikuwa na matumaini tele. Ndiyo maana bibi akisema anataka kwanza aingie ndani akavae doti aliyoihifadhi sandukuni, msubiri, hata kama jua linapanda.

Kuhusu nguo, itazame kwa makini picha yake maarufu ya mwanamke aliyejilaza kitandani. Shuka ni ya mirabaraba, gauni lina nakshi zake, pazia la nyuma lina nakshi nyingine, na bado uso wa yule mama ndio unaoshika macho ya mtazamaji. Pazia la kwanza la Keïta lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe, na kwa kuwa aliyabadilisha mapazia kila baada ya miaka michache, baadaye yalimsaidia kukumbuka picha ipi ilipigwa lini. Nami hutundika kitenge uani, upande wenye kivuli, asubuhi, na flashi siigusi. Keïta naye aliupenda mwanga wa jua, na ngozi nyeusi hung'aa vizuri zaidi ndani yake.

Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo kwa kawaida alimpiga mteja picha moja tu. Simu zetu hazina mpaka huo, lakini nashauri ujiwekee wako: zungumza na mzee kwanza, fungueni albamu yake ya zamani, muulize ni picha ipi anayoipenda na kwa nini, na mabega yake yakishalegea ndipo unyanyue kamera.

Jambo linaloniuma zaidi ni la majina. Mwaka 1991 picha za Keïta zilionyeshwa New York zikiandikwa kwamba mpiga picha hajulikani, ilhali mwenyewe alikuwa hai Bamako na maelfu ya negativu zake alikuwa amezihifadhi. Yeye alitafutwa, akapatikana, akafanyiwa maonyesho Paris mwaka 1994, miaka saba kabla ya kufariki. Wengi wa waliokaa mbele ya kamera yake hawajulikani kwa majina hadi leo. Basi ukishasafisha picha, andika nyuma yake kwa penseli laini, kwa sababu wino hupenya: jina la mhusika, jina la baba yake, mahali, mwaka, na vazi alilovaa lilikuwa la nani. Zilizomo kwenye simu zipe majina hayo hayo, na nakala moja ya karatasi mkabidhi mwenye sura.