Madogo, mkikataliwa kazi kwa sababu ya ulemavu, imeili ya hasira isubiri kwanza

Dogo mwingine kanitumia meseji, eti usaili uko ghorofa ya tatu, lifti hamna, wakamwambia na magongo hayo hutaiweza kazi, akaondoka zake. Nani kasema? Jina hajui. Lini? "Juzijuzi." Uliandika popote? Kimya. Jamani mnanizeesha.

1. Kila kitu kiwe kwenye maandishi. Hapa ndo nilipoungua mimi. Navaa vifaa vya kusikia masikio yote mawili na simu kwangu ni kelele tu, sasa nilipoitwa usaili wa simu nikamwomba dada wa HR, kwa mdomo, wanipigie kwa video nisome midomo, akasema sawa haina shida. Siku ya siku ikaita simu ya kawaida. Nikajibu kwa kubahatisha, wananiuliza uzoefu nawatajia umri, na katika yote sentensi niliyoisikia vizuri ni moja, "hapa tunahitaji mtu anayesikia." Saa nane usiku nikawaandikia imeili, herufi kubwa mwanzo mwisho, mpaka mama wa watu nikamtaja, nikatuma. Wiki mbili baadaye niko kwa wakili, ushahidi uko wapi? Ombi langu halipo, maneno yao hayapo, maandishi pekee kwenye kesi nzima ni matusi yangu. Akayasoma yote taratibu, akavua miwani, "na hii uliandika wewe?"

2. Omba marekebisho mapema na taja kitu chenyewe: mkalimani wa lugha ya alama, chumba cha chini, maandishi makubwa. Sio hisani hiyo, Mkataba wa UN wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006 unahesabu kunyimwa marekebisho yanayofaa (yasiyomwelemea mwajiri kupita kiasi) kama ubaguzi, na kifungu cha 27 kinagusa mpaka hatua za kuajiriwa.

3. Wakikuuliza "utaweza kweli?" elezea unavyoifanya hiyo kazi, halafu nyamaza. Msiombe radhi, nawajua.

4. Muda wa kulalamika una mwisho, sehemu nyingi ni miezi tu, uliza leo.

Yule dogo nimemwambia awaandikie mistari mitano ya upole: niliitwa tarehe fulani, niliambiwa hivi, naomba mnithibitishie kwa maandishi sababu ya kunikataa. Rasimu kanitumia sasa hivi. Imeanza na HERUFI KUBWA.