Matoleo mawili ya maktaba moja kwenye Linux: kila programu na lake

Mfumo umesasishwa, programu ya zamani imegoma kuwaka, na `ldd` (amri inayoorodhesha maktaba ambazo programu inazihitaji) inaonyesha `libssl.so.1.1 => not found`. Mfumo sasa una OpenSSL 3 (maktaba ya usimbaji fiche), ambayo faili lake ni `libssl.so.3`. Hapo wengi hukimbilia kutengeneza kiungo chenye jina la zamani kinachoelekea faili jipya. Tafadhali usifanye hivyo. Alama za maktaba hii (majina ya kazi ambazo programu huziita) zimetiwa chapa ya toleo: programu inadai `OPENSSL_1_1_0`, haiioni, inakufa palepale. Tena hiyo ni nafuu. Kwa maktaba isiyo na chapa, programu inaweza kuwaka vizuri kisha ikaharibu data kimyakimya.

Kwa kuwa majina ya faili ni tofauti, matoleo haya hayagombani kwenye diski. Ukiwa ndani ya folda ya msimbo chanzo wa toleo la zamani, lijenge kwenye folda yake, mbali na `/usr`:

```
./config --prefix=/opt/openssl-1.1 --openssldir=/opt/openssl-1.1/ssl
make
make test
sudo make install_sw
```

Kisha ielekeze huko programu inayolihitaji, hiyo peke yake, kwa `patchelf` (zana ya kubadilisha njia ya maktaba iliyoandikwa ndani ya faili la programu):

```
patchelf --set-rpath /opt/openssl-1.1/lib ./programu
```

Endesha `ldd` tena. Mara nyingine `libssl.so.1.1` inapatikana lakini `libcrypto.so.1.1` (maktaba mwenza ambayo `libssl` huiita) bado haionekani, ingawa zimo folda moja. Sababu ni kwamba `patchelf` kwa kawaida huandika RUNPATH (orodha ya folda za kutafutia maktaba), na njia hiyo hairithiwi: inatumika kwa maktaba ambazo programu imezitaja yenyewe, si kwa zile zinazoitwa na maktaba nyingine. Dawa ni kuipa `libssl` njia yake, ambapo `$ORIGIN` ni folda ilimo maktaba yenyewe:

```
sudo patchelf --set-rpath '$ORIGIN' /opt/openssl-1.1/lib/libssl.so.1.1
```

Alama hizo za nukuu ziandike kama zilivyo. Ukiziacha, sheli itaigeuza `$ORIGIN` kuwa tupu kabla `patchelf` haijaiona, na hutapata onyo lolote.

`LD_LIBRARY_PATH` (kigezo cha mazingira kinachotaja folda za kutafutia maktaba) inafaa kwa jaribio la dakika moja. Ukiiweka kwenye `.bashrc` (faili linalosomwa kila unapofungua sheli), kila programu unayowasha itapekua folda hiyo kwanza. Hatari huwa kubwa zaidi matoleo yanapogawana jina: OpenSSL 3.0 na 3.2 zote ni `libssl.so.3`, kwa hiyo hata programu za mfumo zitachukua isiyo yake.

Tatizo gumu kweli ni matoleo mawili kuingia ndani ya mchakato mmoja. Tuseme programu inatumia 1.1, lakini pia inaita `libcurl` ya mfumo (maktaba ya kuhamisha data mtandaoni), nayo inavuta 3. Chapa za toleo huzitenganisha alama, na kazi inaenda, hadi siku `SSL_CTX` (muundo wa data wa OpenSSL unaoshika mipangilio ya miunganisho) iliyoundwa na toleo moja inapokabidhiwa jingine. Hapo programu inaanguka, tena mbali na chanzo cha kosa. Programu ikiwa inaendelea kukimbia, angalia hivi, ukiweka namba ya mchakato badala ya PID:

```
grep libssl /proc/PID/maps
```

Njia hii inaonyesha hata maktaba zilizopakiwa kwa `dlopen` (yaani wakati programu tayari inaendelea), ambazo `ldd` haizioni. Ukiyakuta matoleo yote mawili, ijenge upya `libcurl` dhidi ya 1.1, au ihamishie programu nzima kwenye kontena (mazingira yaliyotengwa yenye maktaba zake).

Toleo la 1.1.1 liliacha kupokea marekebisho ya usalama ya bure kwa umma Septemba 2023. Programu inayolitegemea isiachwe wazi kwenye intaneti.