Dada, toa hiyo simu kwa mfuko wa inspekta kabla ikumalize pesa

Wacha kwanza. Usiandike ukurasa mwingine. Umesema uko Nakuru, unaandika tamthilia ya polisi ya episodi sita, na inspekta wako anapata simu ya marehemu episodi ya pili, anaitia kwa mfuko wa koti na hamwambii mtu mpaka episodi ya tano "ndio taharuki isiishe". Ukauliza kama iko sawa, halafu ukaendelea na mambo ya lugha, urefu, wapi pa kusajili skripti. Mimi nimekwama hapo kwa simu. Hiyo simu naijua, niliilipia.

Yangu ilikuwa ya Kisumu. Mama muuza mbuta anapatikana ameuawa, mwili uko kwa matete pale Dunga. Inspekta anaitwa usiku, anakagua mashua zimefungwa hapo ufukweni na ndani ya mashua ya ndugu mdogo wa huyo huyo inspekta anapata simu ya marehemu imefungwa kwa kipande cha turubai. Mfukoni. Episodi ya tatu kimya, ya nne kimya, ya tano ndio anaitoa mbele ya OCS, mkuu wa kituo, na muziki unapanda. Kwa nini alinyamaza siku zote hizo? Kwa sababu mimi nilitaka anyamaze, sababu ingine haikuwepo.

Na mwigizaji wangu aliniuliza, hiyo ndio inaniuma mpaka leo. Tulikuwa Manyatta kwa nyumba ya shangazi tukifanya mazoezi, akaweka skripti chini akasema, "Sasa huyu anamficha OCS simu kwa nini, anamlinda ndugu yake ama anaogopa kazi yake?" Nikamwambia utajua tukifika episodi ya tano, wewe cheza tu. Akacheza tu. Ukiangalia zile picha, sini baada ya sini uso wake ni wa mtu anangojea matatu ijae, na simlaumu hata kidogo, utaigiza woga aje kama hujaambiwa unaogopa nini?

Hiyo akili nilipewa na jamaa mmoja alitufanyia warsha ya siku mbili kwa hoteli, Sh 7,500 kila mtu. Alisimama hapo mbele akatuambia mtazamaji hana haja na sababu, mpe mshtuko kila dakika kumi hatatoka. Na sisi tukaandika kwa daftari! Huyo mtazamaji asiyetaka sababu anaishi wapi? Huyo jamaa hajawahi kukaa matangani? Watu wetu wanakesha wakichambua kifo cha mtu mpaka asubuhi, alikuwa anadaiwa na nani, walikosana lini, nani alimwona mwisho, kwa nini shemeji amechelewa kufika, halafu mtu anachukua pesa yetu na kutuambia hao hao wakiketi mbele ya TV hawatauliza.

Tukapeleka episodi mbili kwa mnunuzi wa vipindi wa stesheni fulani. Alifika pale kwa mfuko akasimamisha, akauliza swali lile lile la mwigizaji wangu. Sikuwa na jibu. Akanirudishia flashi.

Tukasema tupige upya, na hapo ndipo pesa iliisha. Ile simu moja iliharibu sini kumi na nne, maana kila mahali inspekta anaongea na ndugu yake alikuwa anaongea kama mtu hajui kitu. Kijana aliyecheza ndugu alikuwa ameshanyoa rasta. Magugumaji nayo yalikuwa yameingia Dunga, pale tulipiga maji wazi mwezi wa nne sasa ni kijani mpaka mbali, mashua haitoki, na huwezi kumwambia mtu hiyo ni asubuhi ya siku ile ile. Sh 310,000, nusu yake mkopo wa chama, na tulibaki na episodi tatu ambazo hazionyeshwi popote.

Kwa hivyo nakuambia: mhusika asifanye kitu ambacho kinamsaidia mwandishi peke yake. Kabla ya kila sini andika pembeni anataka nini leo na akikosa atapoteza nini. Kama jibu ni "bila hivyo hadithi itaisha mapema", futa.

Mwenye amekujibu hapo juu ati hata kwa Breaking Bad, ile tamthilia ya Marekani ya mwalimu Walter White anayepika dawa za kulevya, shemeji yake Hank ambaye ni askari anagundua ukweli kwa bahati, ameketi chooni kwa Walter akifungua kitabu, arudi aangalie vizuri. Sizoni ya kwanza, 2008, Walter White anapewa njia ya kutoka, rafiki yake wa zamani Elliott yuko tayari kumpa kazi na kugharamia matibabu ya saratani, anakataa kwa kiburi. Akirudi kupika dawa baada ya hapo ni yeye amechagua, hakuna mtu amemsukuma. Na hicho kitabu cha chooni ni zawadi ya Gale, mtu aliyemhusudu Walter na ambaye Walter mwenyewe aliagiza auawe, na bado akakiweka nyumbani. Bahati ni Hank kuketi pale, lakini kitabu kuwa pale ni tabia ya Walter.

Sasa wako. Simu ya marehemu ni kielelezo, inafaa kuandikwa. Akiificha, ataandika nini kwa OB, kile kitabu cha matukio cha kituo? Konstebo aliyeshika tochi aliona? Na wakikamata mtu mwingine, Katiba kifungu cha 49 inasema afikishwe kortini ndani ya saa 24, wakimshika Ijumaa jioni inasogea hadi siku ya korti inayofuata. Hiyo ni wikendi nzima mtu asiye na hatia yuko seli na inspekta wako yuko nyumbani na simu kwa koti, anapika, watoto wanaongea, hasikii. Mwambie mtazamaji kila kitu, ajue simu iko wapi na ajue kwa nini, ndio naye akose kulala. Unaona vile taharuki imekuja na hujaficha chochote?

Niandikie hapa jambo moja tu leo, huyo inspekta anamwogopa nani? Hata jina peke yake.