Maswali ya Wasomaji: Kuwapokea Wanafunzi Makumbusho na Kusafiri Nao

Nimeajiriwa karibuni kitengo cha elimu katika makumbusho ya historia. Shule moja inaleta wanafunzi 90 kwa saa moja na nusu. Niwagawe vipi?

Usijihesabie dakika 90, huna. Kushuka kwenye basi, kwenda msalani na kuweka mabegi kunakula dakika 15, ukaribisho 5, kuwakusanya na kuwatoa 10. Unabaki na 60. Wagawe makundi sita ya wanafunzi 15, kumbi tatu, makundi mawili kila ukumbi yakianzia ncha tofauti. Kila ukumbi dakika 18, kuhama dakika 3.

Kosa la kawaida ni kuwaanzisha wote ukumbi wa kwanza, eti historia inaanzia hapo. Matokeo yake watoto 90 wanasongamana mbele ya kabati moja, na wa nyuma wanaona visogo vya wenzao tu. Anzeni popote, mambo mtayaunganisha kwa mazungumzo.

Basi likichelewa dakika 20, ondoa ukumbi mmoja mzima. Usikate kidogo kila mahali, maana kumbi tatu za dakika 11 ni mbio tu. Orodha za makundi ziandaliwe shuleni, zisiandaliwe mlangoni. Mwalimu naye apewe kazi yake kwa maandishi siku kadhaa kabla: yeye anahesabu na kutuliza, wewe unafundisha. Asipoambiwa atakaa nje, na hatakuwa na kosa.

Wanafunzi wanataka kushika vitu, mhifadhi wetu hataki. Nani yuko sahihi?

Wote wawili, ndiyo maana mnahitaji mikusanyiko miwili. Vitu vilivyosajiliwa rasmi vibaki kwenye makabati. Kando yake muwe na mkusanyiko wa kufundishia: vitu vyenye nakala nyingi, visivyo na historia ya kuthibitishwa, na vya kuigiza vilivyoandikwa wazi kwamba ni vya kuigiza.

Tandika kitambaa kinene mezani. Kitu kishikwe kwa mikono miwili, kisiinuliwe juu zaidi ya kiganja kimoja kutoka mezani. Penseli tu, kalamu za wino zikae kwenye mabegi. Karatasi ishikwe kwa mikono iliyonawa na kukauka vizuri, kwa kuwa glovu za pamba hupoteza hisia za vidole na kuichana kingo. Metali ndiyo inayotaka glovu za naitrili (aina ya mpira wa kutengenezwa), kwani chumvi ya jasho huanzisha kutu.

Kisha usiwaambie ni nini. Chukua chupa ya maji ya askari. Uliza: imechakaa wapi? Watauona mnyororo mdogo unaoshika kifuniko, ubonyeo wa ubavuni, pengine herufi mbili zilizochongwa kwa ncha ya kisu. Kwa nini mtu aandike jina lake kwenye chupa inayofanana na za wenzake wote? Hapo somo limeanza, na hujataja tarehe hata moja.

Tahadhari ambayo tunaomba isipuuzwe: barakoa za gesi za Vita vya Pili vya Dunia zisivaliwe na mtoto yeyote. Vichujio vya nyingi kati yake, hasa za Uingereza, vina asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu. Saa na dira za zamani zenye rangi ya kung'aa gizani huenda zina radiamu, metali inayotoa mionzi. Na risasi au kombora lisifike mezani kabla mtaalamu hajathibitisha kwamba ni tupu.

Nina shahada ya ualimu, si ya historia. Nitafaa?

Ndiyo. Tarehe utazisoma, kujua lini watoto wamechoka ni vigumu zaidi kufundishwa.

Makumbusho yetu inapeleka wanafunzi 24 Normandy, Ufaransa. Tuanzie wapi kupanga?

Anzeni na ratiba ya kupwa na kujaa kwa maji. Tarehe 6 Juni 1944, katika Vita vya Pili vya Dunia, majeshi ya Washirika yaliivamia Normandy iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Wamarekani walianza kuteremka kwenye pwani iliyopewa jina la siri la Omaha saa 12:30 asubuhi, maji yakiwa yamekupwa na yameanza kujaa, ili vizuizi vya Wajerumani vionekane na mashua ziweze kujinasua. Mkifika maji yamejaa mtaona ukanda mwembamba wa mchanga, na mwanafunzi hataelewa askari walivuka nini. Maji yakikupwa, hasa siku za bamvua, yanapokupwa mbali zaidi, waacheni watembee kimya kutoka ukingo wa maji hadi chini ya vilima. Umbali utafundisha wenyewe.

Sehemu mbili kwa siku zinatosha. Makaburi ya Wamarekani ya Colleville-sur-Mer yana zaidi ya askari 9,300, kwa hiyo kila mwanafunzi aje na jina moja alilolichunguza kwa miezi kadhaa, pamoja na namba ya eneo, mstari na kaburi.

Watu wazima wawe watatu: wawili wenye wanafunzi 12 kila mmoja, wa tatu asiye na kundi. Mtoto akiugua, huyo ndiye atakayebaki naye bila kuvunja safari ya wengine. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na cheti cha daktari.

Msihesabu vichwa. Kila mwanafunzi apewe namba, 1 hadi 24, na aitaje mwenyewe kila mnapopanda basi. Ukihesabu vichwa utajua kwamba mmoja hayupo. Kwa namba utajua ni nani, na dereva hajawasha gari.